Sekunde Nane za Bi Koma

Jina lake halisi lilikuwa kwenye mkataba wa kazi na kwenye kadi ya hospitali. Kwingineko kote aliitwa Bi Koma, naye aliitika.

Alilipata jina hilo mwaka wake wa kwanza katika jumba la anga. Lilikuwa jengo la mviringo lenye paa kama bakuli lililofunikwa, viti tisini vilivyolalia nyuma, na katikati mtambo uliorusha picha za nyota juu ya paa kwa ndani. Wanafunzi waliletwa kwa mabasi, taa zikazimwa, na programu ya kompyuta ikawapeleka Mwezini, Mirihi, Zohali, mpaka nje kabisa ya himaya ya Jua. Programu hiyo ilitengenezwa mbali, na haikujua pa kwenda mpaka iambiwe. Maagizo yake ndiyo yaliyoitwa skripti: mafaili marefu ya amri, moja chini ya nyingine. Nenda Mwezini. Subiri. Geuka kushoto. Andika maneno haya, yakae sekunde nane, yafute.

Kazi ya Bi Koma ilikuwa hayo maneno. Zamani alikuwa mpangaji wa herufi katika kiwanda cha uchapaji. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka arobaini na minne, mgongo wenye malalamiko, na jicho lisilopitwa na kosa. Skripti alijifunza mwenyewe kwenye kitabu cha maelekezo, akikisoma mbele na nyuma hadi jalada likamkatikia mkononi.

Wiki yake ya pili, onyesho lilikwama katikati. Juu ya paa, kwa herufi kubwa za manjano, palisomeka: NYOTA HII INANG. Basi. Nyota ikaganda, maneno yakaganda, na wanafunzi themanini wakaanza kuimba "Inang! Inang!" mpaka walipopandishwa mabasini.

Kisa alikijua baada ya siku mbili. Programu ilitumia koma ya juu kujua maneno yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Na sisi koma hiyo hiyo tunaiweka tumboni mwa neno: inang'aa, ng'ambo, king'ora. Mashine ikifika hapo inadhani sentensi imekwisha, kilichobaki inakiona upuuzi, inagoma. Sasa, katika maonyesho ya nyota, ni kitu gani kisichong'aa? Jua linang'aa, Zuhura inang'aa, hata barafu ya ncha za Mirihi inang'aa. Akapita skripti moja baada ya nyingine, zote sabini na moja, akitia kijistari cha kuinama kabla ya kila koma ili mashine ielewe kwamba safari bado. Kila aliyepita mlangoni alimsikia akinung'unika, "Koma nyingine. Koma nyingine hii." Jina likamganda.

"Bi Koma, hivi wewe hukomi?" msimulizi wa jumba alipenda kumtania. Huyo alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito, tamu, aliyesimama gizani na maikrofoni akiwaeleza watoto wanachokiona.

"Siku nikikoma utajua," alijibu bila kugeuka.

Chumba chake kilikuwa stoo ya zamani. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo jirani. Feni ilikuwa na panga moja lililopinda, ikigonga kila ilipozunguka. Kazi yenyewe ilikuwa kama kuziba pakacha: ukiziba hapa panavuja pale. Leo herufi zimekatwa mikia, j na y na g zimebaki vibogoyo. Kesho maneno mawili yamepandana kwa sababu la kwanza halikufutwa. Keshokutwa sentensi imetoka nje ya paa na kuishia "Umbali kutoka kwenye Jua ni kilomita mil". Na alipotengeneza vizuri, hakuna aliyejua. Maneno yakikaa sawa watu hutazama nyota.

Jioni alirudi nyumbani kwa dada yake, na huko nako kulikuwa na kazi.

Dada alimzidi miaka sita. Alikuwa mkunga, mjane, mwanamke wa kusema. Miaka minane nyuma homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio ikamwachia ulimi. Lugha ya alama aliikataa katakata. "Mikono hii imezalisha watu wazima wenye ndevu," alisema. "Leo niifundishe kuongea?" Kwa hiyo yeye aliongea, tena kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, na aliyetaka kumjibu aliandika kwenye daftari. Aliyemjibu kila siku alikuwa mmoja tu. Kutwa maandishi, jioni tena maandishi.

"Umekula?"

Bi Koma aliandika: Ndiyo.

"Kazini je?"

Salama.

"Jirani anasema maji yatakatwa kesho. Umesikia habari hiyo?"

Hapana.

Kisha alifunga daftari, kalamu ndani, akanyoosha miguu. Mwanzoni alikuwa akijaza kurasa mbili kwa jioni moja, na umbea ndani yake. Sasa ukurasa mmoja ulimtosha wiki nzima. Dada hakusema kitu juu ya hilo. Kwa mtu asiyenyamaza, ilikuwa ajabu.

Basi ikatokea siku moja wakaja wanafunzi ishirini na wawili kutoka shule ya viziwi. Mkuu wa jumba, mwanamke wa haraka haraka aliyetembea na shada la funguo mkononi, alikuwa amemhakikishia mwalimu wao kwamba hakuna shida, maandishi yapo. Msimulizi siku hiyo hakuongea. Alibonyeza vitufe tu. Onyesho likaisha, taa zikawashwa, na baada ya dakika chache mwalimu akasimama mlangoni pa stoo. Alikuwa mrefu, sweta limemchakaa viwikoni.

"Wewe ndiye mwenye maandishi?"

"Ndimi, mwalimu. Karibu. Kiti ndicho hicho kimoja."

"Sikai, watoto wako kwenye basi." Akaweka karatasi mezani. "Nimewauliza wameona nini. Huyu ana miaka kumi. Soma."

Mwandiko ulikuwa wa penseli, umebonyezwa kwa nguvu: Nyota ni nzuri. Maneno yanatukimbia. Kwa nini yanatukimbia?

"Gizani mikono yangu hawaioni," mwalimu alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Bi Koma zaidi. "Nilitegemea maandishi. Yanatokea, hujapepesa jicho, hayapo."

"Yanakaa sekunde nane, mwalimu. Nimeyapima mimi mwenyewe kwa saa."

"Basi sekunde zenu ni za wapi?"

Mkuu wa jumba alifika akihema, akaomba radhi, akaahidi kwamba watoto wakirudi Ijumaa ya wiki ijayo mambo yatakuwa sawa. Mwalimu alihesabu kwenye vidole. Siku tisa. Akakubali, akaenda kwenye basi lake.

Siku mbili zilizofuata Bi Koma aliendesha skripti zile kwenye kompyuta yake, saa ya mkononi ameiweka kando ya kibodi. Maneno yakatokea. Moja, mbili, tatu, hadi nane. Yakafutika. Akarudia Mwezi, akarudia Mirihi, akarudia Mshtarii. Nane, nane, nane. Alianza kumshuku mwalimu, kisha akajishuku macho, kisha akajishuku akili. Siku ya pili mchana alilaza kichwa juu ya meza, feni ikimgongea, akajiuliza kama kuna kiwanda chochote cha uchapaji kilichobaki duniani kinachohitaji mpangaji wa herufi.

Siku ya tatu alimwendea msimulizi. "Twende ukumbini. Endesha onyesho kama ulivyoendesha siku ile. Ila usiseme neno."

"Nisiposema, mdomo nitaufanyia nini?"

"Ufunge."

Walikaa wawili tu katika viti tisini. Dunia ikatokea, ya bluu, inageuka polepole. Mwezi ukaja kandoni mwake. Msimulizi akabonyeza kitufe, na Mwezi ukaanza kukimbia kuizunguka Dunia kama mbuzi kwenye kigingi. Pale pale kitu cha manjano kikamulika pembeni mwa jicho la Bi Koma, kikatoweka.

"Simama! Umefanya nini hapo?"

"Nimeharakisha muda. Mwezi unachukua siku ishirini na saba kumaliza mzunguko mmoja, mama. Ulitaka watoto walale hapa?"

"Unaharakisha kila onyesho?"

"Kila onyesho. Tangu nianze kazi."

Bi Koma aliitazama saa yake ya mkononi. Sekunde za wapi, aliuliza mwalimu yule. Sekunde za huko juu. Skripti ilihesabu kwa saa ya anga la programu, si kwa saa ya ukutani. Stoo alijaribu kwa mwendo wa kawaida, saa zote mbili zikaenda pamoja. Ukumbini muda ulipoharakishwa mara maelfu, sekunde nane za anga zilipita kabla mtu hajapepesa. Na hakuna aliyegundua, kwa sababu kila siku palikuwa na sauti tamu ikisema yale yale yaliyoandikwa.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne nang'oa makosa kwenye maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma."

Msimulizi alitafuta mzaha, akaukosa. "Mimi nilikuwa nayasoma, Bi Koma," alisema mwishowe. "Kwenye karatasi yangu."

Onyesho la watoto wale lilitumia skripti tisa, mistari ya maneno mia moja sitini na miwili. Programu ilikuwa na namna ya kuhesabu kwa saa ya ukutani, lakini ilibidi kila mstari uambiwe peke yake. Akauambia. Kufikia Jumamosi usiku maneno yalikuwa yakikaa sekunde nane za kweli, hata Mwezi ukimbie vipi. Alipaswa kufurahi. Badala yake alitazama onyesho zima, sauti imezimwa, akaona tatizo jingine: ukisoma maneno, Mwezi umeshapita. Ukiutazama Mwezi, maneno yameshafutwa.

Akabeba kompyuta mpakato ya kazini, akaenda nayo nyumbani.

Jumapili asubuhi dada alikuwa sebuleni akikunja nguo. Bi Koma aliweka kompyuta mezani, akaandika kwenye daftari: Tazama hiki, uniambie.

"Nikuambie nini?"

Kama unaelewa.

"Siku hizi mimi ni mwanafunzi wako?" Lakini alivuta kiti. Alitazama Dunia, akatazama Mwezi, akasoma, akakunja uso. Akasema irudishwe. Ikarudishwa. Mara ya tatu aliinua kidole kama alivyokuwa akiwainulia wauguzi wapya wodini.

"Sikiliza. Ninyi wenye masikio mnatazama huku mnasikia, vyote kwa pamoja. Mimi nina mlango mmoja tu, haya macho. Nikisoma, sitazami. Nikitazama, sisomi. Kwa hiyo niandikie, halafu picha isimame inisubiri. Nikimaliza, ondoa maneno yako, halafu huo Mwezi ndio uende. Na hapa," akagusa skrini, "hapa ni maneno manne, sekunde nane za nini? Nitasinzia. Hapa kwenye mistari mitatu ndipo unihurumie."

Bi Koma alikuwa akiandika haraka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ukurasa wote.

"Unaona?" dada alisema, sasa kwa sauti ndogo, ambayo kwake ilikuwa bado kubwa. "Hayo ya kompyuta unayahangaikia. Mimi unaniandikia 'ndiyo', unafunga daftari, kalamu ndani. Nabaki nakutazama uso, nataka kujua hiyo ndiyo ni ya namna gani. Na uso wenyewe umeshageuka."

Bi Koma alishika kalamu. Akaandika: Nimechoka, dada.

Dada alisoma. "Kumbe unajua kuandika maneno mawili," alisema, akarudi kwenye nguo zake.

Jumatatu hadi Alhamisi alipanga upya kila kitu. Sekunde nne hapa, kumi na moja pale. Maneno kwanza, picha imesimama. Maneno yakiondoka, picha inatembea. Alikula mkate mkavu juu ya kibodi. Macho yalimuwasha kama ya mtu aliyekaa jikoni kwenye moshi. Siku ya Jumatano mkuu wa jumba aliingia na funguo zake akakuta onyesho la dakika thelathini na tano limefika hamsini na mbili.

"Dakika kumi na saba zaidi! Na basi la shule inayofuata je?"

"Lisubiri," alisema Bi Koma. Hakuinua macho. Hakukusudia ujeuri, adabu yote aliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha kama wino.

Funguo zililia kidogo mlangoni, halafu zikaondoka.

Ijumaa alikuja na dada, aliyevaa viatu vyake vya kutokea na kulalamika kwamba vimembana. Watoto ishirini na wawili waliketi, mwalimu wao nyuma, dada kwenye kiti cha pembeni. Taa zikazimwa. Bi Koma alisimama karibu na mtambo.

Dunia ikatokea. Maneno yakaja, yakakaa. Hakuna kilichosogea. Alitazama nyuso badala ya paa, kwa mwanga hafifu wa picha: macho yakienda kushoto kwenda kulia, kushoto kwenda kulia, kisha yakiinuka. Maneno yakaondoka, Mwezi ukaenda. Mtoto mmoja akamkamata mwenzake mkono. Mirihi ikapita salama. Mshtarii ikapita salama.

Walipofika Zohali yakatokea maneno ZOHALI INA PETE ZA BARAFU NA MAWE, yakakaa sekunde saba, na hayakuondoka. Bi Koma alijua pale pale: alisahau amri moja ya kufuta. Moja katika mia moja sitini na mbili. Picha ikaiacha Zohali ikaenda sayari inayofuata, na maneno yakafuata nyuma kama mtu asiyejua kwamba karamu imekwisha. Watoto wakaanza kunyoosha vidole na kucheka.

"Hii nayo ni Zohali?" dada aliuliza katika giza, kwa sauti iliyogonga paa ikarudi. "Mbona ya bluu? Pete zake zimeuzwa?"

Kati ya wote mle ndani waliomsikia walikuwa watatu. Mwalimu alijikaza. Msimulizi, aliyekuwa ameahidi kutotoa sauti, ilibidi atoke nje.

Taa ziliporudi, mtoto wa penseli alikuja mbele ya Bi Koma, akasema jambo refu kwa mikono.

"Anasema umekosea kwenye Zohali," mwalimu alifasiri.

"Mwambie najua."

"Anasema mengine yote ameyasoma." Mwalimu alimtazama kidogo. "Na mimi pia. Asante, mama." Kisha akamwuliza dada, kwa kumwandikia kwenye kiganja chake kwa kidole, kama angependa kufika shuleni siku moja. Dada alijibu kwamba mikono yake ina kazi nyingine, lakini anuani akaichukua.

Bi Koma alimpeleka dada stoo apumzishe miguu. Dada alikaa kwenye kiti kile kimoja, akatazama dirisha lenye ukuta, akatazama feni na panga lake lililopinda, akatazama marundo ya karatasi za skripti zilizojaa alama nyekundu.

"Kumbe hiki ndicho kinachokumaliza," alisema. "Mimi nilidhani umenichoka mimi."

Bi Koma alichukua karatasi moja ya skripti, akaigeuza upande mweupe, akaketi juu ya boksi. Aliandika mistari kumi na minne. Alichoandika ni chao wawili. Alimpa dada, na dada aliposoma, yeye hakugeuka wala hakushika kitu kingine. Alikaa akisubiri mpaka macho yale yalipofika chini ya ukurasa na kuinuka.

Aliomba likizo ya siku tatu, akapewa mbili. Ya kwanza alilala. Ya pili aliamka saa nne, akanywa chai, akalala tena, na dada akawafukuza wageni wawili mlangoni kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakujua ukubwa wake.

Skripti nyingine sitini na mbili zilimchukua miezi saba. Hakuna aliyempongeza zilipokwisha, na yeye hakumwambia mtu. Shule ya viziwi iliendelea kuja kila muhula. Dada alikwenda kule shuleni mara mbili, mara ya tatu akagombana na mwalimu juu ya namna ya kusema "mkunga" kwa mikono, akarudi nyumbani akiapa kwamba harudi tena. Wiki iliyofuata alirudi. Hadi leo anafanya alama chache, vibaya, huku anaongea.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumatano ile, likizo ilipokwisha, Bi Koma alifungua stoo, akawasha feni, akaketi. Kwanza alikwenda kwenye Zohali, akaongeza amri moja ya kufuta. Halafu akafungua skripti ya kumi.